Ukaguzi wa Tatu wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Katika ramani ya mji iliyotundikwa ofisi ya mipango, kichochoro chetu cha Mir Najaf kimepakwa rangi ya manjano, na manjano maana yake ni makazi ya watu. Viwanda vimepakwa zambarau, na zambarau iko ng'ambo ya reli, kilomita nne kutoka mlangoni pangu. Ramani hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nimesoma maelezo yote ya pembeni, hata yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, na kifungu kinachohusika nilikinakili kwa mkono, kwa sababu siziamini mashine za kunakilia. Kwa hiyo Rafaqat alipoanza kuchovya kufuli katika nyumba namba kumi na nne, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, sikuhitaji mtu wa kunieleza iwapo jambo lile lilikuwa halali.

Mji wetu wa Aligarh wote unaishi kwa kufuli, nami sina ugomvi na kufuli. Wako akina mama wanaounganisha springi sebuleni mwao, na wako wazee wanaochonga funguo barazani. Sheria inawaruhusu, na wala hawamdhuru mtu. Kuchovya ni jambo jingine. Kufuli la chuma huoshwa kwa tindikali, kisha huzamishwa katika pipa la nikeli lililotiwa umeme, ndipo linapong'aa kama fedha. Tindikali ikishachoka, humwagwa. Rafaqat aliimwaga katika mfereji unaopita chini ya dirisha la mjukuu wangu.

Mjukuu wangu anaitwa Nishat. Ana umri wa miaka minane, anaandika mwandiko mzuri kuliko walimu wake, na tangu kiwanda kile kianze alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kinachomtoa machozi. Maji ya pampu yetu ya mkono yaligeuka yakawa na ladha ya sarafu. Mwanangu yuko kazini Dammam, Uarabuni. Nyumbani tulikuwa mimi, Nishat, na mama yake Shaista. Mkuu wa nyumba ni mimi. Niliandika malalamiko.

Kwa usahihi zaidi, niliyaandika mimi na kuyapanga kisheria akayapanga Wakili Naqvi, anayekaa mkabala na nyumba yangu. Naqvi alikuwa rafiki yangu wa miaka arobaini. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulicheza sataranji barazani kwake, yeye akitafuna tambuu na mimi nikimkanya asiteme karibu na viatu vyangu.

Utaratibu wa Serikali ni huu. Mlalamikaji hupigiwa simu siku moja kabla, maana ni lazima awepo na atie saini yake. Kesho yake afisa huja. Akizikuta mashine, mlango hufungwa kwa lakiri. Asipozikuta, ukaguzi huhesabiwa kuwa umetoka patupu, na kaguzi tatu zikitoka patupu malalamiko hufutwa, na mlalamikaji yule haruhusiwi kuyaleta tena.

Simu ya kwanza ilikuja mwezi wa Januari. Nilifanya kama nifanyavyo siku zote Serikali inapokuja mlangoni pangu: nilinyoa ndevu za mashavuni, nikapeleka sherwani langu jeusi, koti refu la heshima, kwa dobi lipigwe pasi, nikamwagiza Shaista atoe vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Kisha nilivuka kichochoro, nikamwambia Naqvi sikioni. Mtu mwingine sikumwambia.

Afisa alikuwa Bi Rawat, mwanamke kijana mwenye nywele fupi na faili nene, aliyezungumza kwa kifupi. Nilimpenda kwa hilo. Tuligonga namba kumi na nne saa nne kamili, na mlango ukafunguliwa kabla sijashusha mkono.

"Mwalimu wangu!" Rafaqat akasema, mikono wazi kama mtu anayepokea mahujaji. "Karibu, karibu. Dada, huyu unayemwona ndiye aliyenifundisha pembetatu. Alinichapa kwa kila pembe."

Wasaidizi wa Bi Rawat wakacheka.

"Nilikuchapa kwa kunakili," nikasema.

"Na leo nimenakili nini, Mwalimu? Hii ni nyumba. Tazama mwenyewe, bibi yangu huyo anachambua dengu."

Kweli, palipokuwa na mapipa sasa palikuwa na vitanda viwili vya kamba, mbuzi mmoja aliyefungwa, na ajuza mwenye sinia la dengu mapajani. Udi ulikuwa ukifuka kila pembe hadi macho yakawasha.

"Bibi zako wote wawili nimewasindikiza makaburini," nikamwambia.

"Huyu ni wa upande wa mke."

Nilimtazama yule ajuza. Alikuwa akiokota dengu upande huu wa sinia na kuziweka upande ule, kisha akizirudisha. Hakukuwa na hata kijiwe kimoja. Dengu zile zilikuwa zimechambuliwa tangu dukani.

Bi Rawat alichuchumaa, akagusa sakafu. Ilikuwa mbichi. Akanusa vidole vyake, akasimama.

"Mwalimu, naona sakafu mbichi na nanusa udi," alisema. "Sheria hainipi ruhusa ya kufunga sakafu mbichi."

Nikatia saini ya patupu.

Mara ya pili ilikuwa Februari, na ilikuwa mbaya zaidi. Vitanda ni vile vile, ajuza ni yule yule, na niko tayari kuapa kwamba hata dengu zilikuwa zile zile. Lakini safari hii Rafaqat alikuwa ametuandalia chai. Juu ya meza palikuwa na vikombe vitano. Nikatuhesabu: Bi Rawat, wasaidizi wake wawili, mimi, na Naqvi aliyekuja siku hiyo kunishikia mwavuli. Watano.

"Kunywa, Mwalimu, usiogope," Rafaqat alisema. "Haina tindikali."

Kuhamisha mapipa yale kwa mikokoteni, kuosha sakafu na kuleta mbuzi ni kazi ya nusu siku. Basi mtu alikuwa akimpa habari tangu siku ya simu, na mtu huyo alikuwa karibu nami. Siku hiyo sikula chakula cha mchana. Nilikaa na karatasi, nikaandika majina.

Nilianza na ofisi. Nilikwenda kwa basi hadi kwa Bi Rawat, nikamuuliza uso kwa uso ni nani ofisini ajuaye tarehe.

"Mimi," alisema. "Hata dereva namwambia tukiwa tumeshaondoka. Na simu nakupigia kutoka uani, Mwalimu, siyo mezani. Unataka na rekodi za simu?"

Aliniambia bila kukasirika. Nikamfuta.

Muuza maziwa nilimpa habari ya uongo, kwamba Serikali inakuja Jumatano. Jumatano mashine zilinguruma asubuhi hadi jioni. Nikamfuta.

Kisha nilifanya jambo ambalo hata sasa naona haya kuliandika. Nilimwomba mkwe wangu simu yake nione alizungumza na nani.

Shaista alikuwa akimpaka Nishat mafuta ya karafuu kifuani. Aliifuta mikono polepole, akanipa simu, kisha akasema, "Baba, unanishuku mimi? Mimi ninayelala na kikohozi cha huyu mtoto sikioni?"

Nikairudisha simu bila kuifungua.

"Na kwa kuwa tumefika hapo, nikuambie," aliendelea, macho chini kama adabu inavyotaka, lakini sauti haikuwa chini. "Daktari amesema ama moshi uhame ama mtoto ahame. Mimi sina nguvu ya kuhamisha moshi. Serikali ikija mara ya tatu ikatoka mikono mitupu, mimi na Nishat tunakwenda kwa mama yangu Amroha. Akasome huko. Nisamehe, Baba. Si kwa kukuvunjia heshima."

"Na mimi nibaki na nani?"

"Na ramani yako," alisema. Kisha akajuta, akaniletea chai.

Kwenye karatasi yangu lilibaki jina moja tu.

Nilikataa kuliamini kwa siku tisa. Lakini shaka ikishaingia ndani ya kichwa cha mtu mwenye nidhamu, nayo hufanya kazi kwa nidhamu. Niliona kwamba Naqvi siku hizi anachelewa kusogeza farasi wake. Niliona kwamba nilipotaja kiwanda alitazama tambuu lake. Ndipo kinyozi wa pembeni, huku wembe ukiwa shingoni pangu, akaniambia, "Juzi nilimwona Wakili akitoka kwa Rafaqat na kifurushi. Kimefungwa vizuri kwa gazeti. Nikasema, aa, watu wameshapatana."

Niliondoka na povu upande mmoja wa uso.

Barazani kwa Naqvi siku ile palikuwa na wageni, mwanamume wa makamo na mkewe na dada yake, wamekaa wima na sahani za peremende mbele yao. Ningekuwa na akili zangu ningeng'amua hao ni nani. Binti yake wa mwisho, Tabassum, alikuwa akitafutiwa mume, na Naqvi alikuwa ameniambia kwamba kuna watu wa mji wa Bareilly wanaokuja kumposa. Lakini sikuwa na akili zangu.

"Wakili," nikasema, nimesimama, "ulikuwa unafanya nini namba kumi na nne?"

"Salaam kwanza, Mwalimu. Una povu usoni."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanunua kufuli. Kufuli la mlango wangu wa nyuma limekufa. Tunaishi Aligarh, bwana. Unataka nikanunue Kanpur?"

Wageni wakacheka kwa adabu. Kicheko kile kilinichoma.

"Siku ya ukaguzi walikuwa wakiijua watu wawili tu," nikasema. "Mara ya kwanza wawili, na mara ya pili wawili. Mmoja ni mimi."

Kicheko kikakatika. Yule mwanamke alirudisha peremende kwenye sahani. Naqvi alinyanyuka taratibu. Ni mtu mnene, na kunyanyuka kwake huchukua muda.

"Umenifahamu miaka arobaini," alisema, "na hesabu yako imekuleta hapa."

"Nipe jibu."

"Sina. Umefundisha hesabu maisha yako yote. Mimi ni nani wa kubishana na jibu lako? Ila toka barazani kwangu."

Nikatoka. Nilijiona nimetimiza wajibu mchungu, na kusema kweli nilijiona mrefu kidogo.

Wiki mbili zikapita. Sataranji hakuna. Nilipofungua dirisha alasiri, baraza lake lilikuwa tupu na viti vimegeuzwa ukutani.

Mwezi wa Machi shule ya Nishat iliniomba nikagawe zawadi za mwisho wa mwaka wa masomo. Yeye mwenyewe alikuwa anapata ya mwandiko. Siku moja kabla nilipeleka sherwani kwa dobi, jioni nikalichukua, na asubuhi tukaenda. Nilitoa zawadi kumi na nane na hotuba fupi juu ya uwima wa herufi. Nishat alikohoa mara mbili tu. Saa tano tulikuwa tukirudi, amenishika kidole na kitabu chake cha zawadi kiko kwapani.

Tulipoingia kichochoroni, nikasikia kimya.

Mashine hazingurumi. Mlango wa namba kumi na nne uko wazi. Ndani, vitanda viwili vya kamba. Mbuzi. Moshi wa udi. Na yule ajuza na sinia lake.

Rafaqat alikuwa mlangoni na shati jeupe lililotiwa wanga. "Karibu, Mwalimu!" alisema, kisha akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. "Wako wapi wageni?"

"Wageni gani?"

"Si wale..." Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, na kurudi juu hadi kola. Niliona usoni mwake kitu ambacho sikukiona hata siku nilipomkamata na majibu ya jirani yake. Aliona kwamba ametoa siri.

Hakuna simu iliyokuwa imepigwa. Si mimi, si Naqvi, si mtu yeyote chini ya jua aliyetarajia ukaguzi siku ile. Lakini kiwanda kilikuwa kimehamishwa tangu jana.

Nilimpeleka Nishat ndani. Kisha nikarudi hadi mwanzo wa kichochoro, kwenye kibanda cha Chote Lal dobi, ambaye hupiga pasi ya mkaa nguo za mtaa mzima na kuzitundika nje kwenye msumari zipoe.

"Chote Lal," nikamwuliza, "jana ulimwambia mtu kwamba Serikali inakuja?"

"Mimi? Hapana, Bwana Mwalimu. Mimi sisemi kitu." Alipuliza mkaa. "Watu wenyewe wanasema. Wakiliona sherwani lako limetundikwa hapa, vijana wa kiwandani wanapigana mabega: 'Kesho Serikali hiyo!' Mwaka mzima hulivai, bwana, ila Idi na maofisa. Na Idi kila mtu anajua ni lini." Akanitazama kwa wasiwasi. "Kwani kuna ubaya? Mimi nilidhani wanakusifu."

Nilisimama pale nikiutazama ule msumari. Ulikuwa umekaa kimo cha macho ya mtu, mkabala na njia ambayo wafanyakazi wa Rafaqat huipita kila wanapokwenda kunywa chai. Hata vikombe vitano nilivielewa sasa: nilipopeleka sherwani mara ya pili, nilikuwa nimepeleka na koti la Naqvi. Hakuna aliyenisaliti. Majivuno yangu mwenyewe yalikuwa yametundikwa njiani, kola juu, yamepigwa pasi.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa Naqvi. Mimi nilifika mlangoni pake mara tatu. Mara ya kwanza nikajiambia nimesikia ana wageni. Mara ya pili nikajiambia ni saa yake ya kulala. Mara ya tatu sikujitafutia hata sababu.

Simu ya tatu ilikuja Jumatatu ya mwisho wa Machi. "Mwalimu," Bi Rawat alisema, "nadhani unajua hii ni ya mwisho."

"Najua."

Sikumwambia mtu. Shaista hakujua; aliendelea kukunja nguo za mtoto ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, akidhani simwoni. Sikunyoa. Vikombe vya dhahabu vilibaki kabatini. Jumanne asubuhi nilitoka na fulana niliyolala nayo, yenye tundu ubavuni, na msuli wa miraba, nikaketi kwenye jiwe la pampu nikisugua viatu vya shule vya Nishat. Miaka sabini na mitatu, na kichochoro hakijawahi kuona mabega yangu. Kinyozi alinisalimu akadhani naumwa. Upande wa pili wa ukuta mashine zilinguruma vizuri.

Saa nne gari likasimama mwanzoni mwa kichochoro. Bi Rawat akaja kwa haraka, akanipita, kisha akarudi hatua moja.

"Samahani, Mzee. Mwalimu Mukarram yupo ndani?"

"Ndiye mimi, Bi Rawat."

Alinitazama, kisha kwa heshima akageuza macho yake kwenye faili. "Twende," alisema.

Hatukugonga. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mvuke. Ndani palikuwa na mapipa sita yanayotoa moshi wa kijani, nyaya nene, na watu kumi na wawili, mikono yao imebabuka hadi viwikoni. Kufuli zilining'inia kwenye waya kama samaki. Rafaqat alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai, na nilimwona akitafuta kwa macho kitu fulani juu yangu ambacho hakikuwepo.

"Mwalimu," akasema. "Mbona... hukuvaa?"

"Huu ni mtaa wa makazi, Rafaqat. Nimevaa mavazi ya nyumbani."

Bi Rawat alipiga picha, akahesabu mapipa, akaandika. Watu wakatolewa nje, kebo ikakatwa, mlango ukafungwa kwa mnyororo, na msaidizi akawasha mshumaa wa kuyeyushia lakiri. Ndipo Bi Rawat akanigeukia na karatasi.

"Saini ya mlalamikaji hapa. Na hapa chini shahidi wa pili, mkazi wa mtaa huu, asiyekaa nyumba yako."

Kwa karatasi ya patupu saini yangu peke yake ilitosha. Kwa lakiri, haitoshi.

Niligeuka. Kichochoro kizima kilikuwa nje, na kichochoro kizima kikaanza kuwa na shughuli. Kinyozi alisema mkono wake unatetemeka tangu asubuhi, huku ameshika wembe. Mama mwenye duka la peremende alisema hajui kuandika, naye hutuandikia madeni yetu yote. Wengine walitazama wale watu kumi na wawili waliokuwa wameketi kando ya mfereji, maana mmoja ni mwana wa huyu na mwingine ni shemeji wa yule. Sikuwalaumu, lakini nilikuwa na kalamu mkononi na hakuna wa kumpa.

Rafaqat alivuta kiti, akakaa. Uso wake ulikuwa umerudi. "Chukua muda wako, dada," alimwambia Bi Rawat. "Tunasubiri shahidi wa Mwalimu. Ana marafiki wengi."

"Nani mwingine anaweza kutia saini?" Bi Rawat aliniuliza kwa sauti ya chini. "Bila jina la pili siwezi kugonga muhuri. Na nikiondoka, jioni humu hamtakuwa na kitu."

Shaista alikuwa dirishani. Nyuma ya bega lake niliona lile sanduku la bati, limeshavutwa hadi katikati ya chumba.

Nikavuka kichochoro. Ni hatua kumi na moja kutoka mlango ule hadi mlango wa Naqvi, nazihesabu tangu ujana wangu, na sijawahi kuzitembea nikiwa na fulana. Nikagonga. Alifungua mwenyewe, maana alikuwa akisikia yote nyuma ya mlango.

Alinitazama tundu la ubavuni.

"Wakili," nikasema, "aliyekuwa akitoa siri ni mimi. Sherwani langu. Lilikuwa likitundikwa kwa dobi na wao wakilisoma kama kalenda. Wewe huna kosa lolote."

"Umejua lini?"

"Siku ya zawadi. Wiki mbili sasa."

"Wiki mbili," alirudia. "Na leo umekuja kwa sababu unahitaji saini."

Ningeweza kusema uongo. "Ndiyo," nikasema.

Alivuta pumzi. "Wale watu wa Bareilly hawajaleta jibu hadi leo. Mke wangu kila posta ikija anakwenda mlangoni. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Sitaki unieleze hapa mlangoni kwa kunong'ona, Mwalimu. Ulinitukana ukiwa umesimama, na sauti yako ile ya darasani. Simama hapo nje, useme kwa sauti ile ile. Kisha nitafikiri kuhusu saini."

Basi nilisimama katikati ya kichochoro cha Mir Najaf, na msuli wangu na fulana yangu, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani na watoto wao, nikasema. Nilisema kwamba Wakili Naqvi hakumpa Rafaqat habari yoyote, kwamba nilimsingizia mbele ya wageni wake, na kwamba kilichotoa siri ni koti langu na kiburi changu cha kutaka Serikali inione nimenyooka. Nilisema polepole, kama nilivyosoma imla darasani, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wengi. Chote Lal aliweka mkono kichwani. "Yaani lile koti!" kinyozi alipiga kelele. "Mwalimu, ungelipeleka kwa dobi wa mtaa wa pili!" Hata wale wa kiwandani walicheka, na wao ndio waliokuwa wamekosa kazi.

Naqvi hakucheka. Alishuka ngazi, akavuka, akachukua kalamu mkononi mwangu bila kugusa vidole vyangu, akaandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, na tarehe.

"Nimetia kwa ajili ya mtoto," aliniambia. "Tusije tukachanganya mambo."

Bi Rawat akagonga muhuri juu ya lakiri ya moto. Rafaqat alinyanyuka kitini. "Nitahamia zambarau, Mwalimu," alisema, "lakini hawa kumi na wawili hawana baiskeli za kufika huko. Waeleze wewe." Akaondoka. Mmoja wa wale vijana alitema mate karibu na jiwe la pampu yangu. Nilimtambua, nilimfundisha desimali.

Nilipoingia ndani, Shaista alikuwa amepanda kigoda akirudisha sanduku, sasa tupu, mahali pake pa zamani juu ya kabati. "Baba, nenda ukavae," alisema, huku akitazama ukutani. Nishat aliuliza kwa nini watu wote walimcheka babu, na mama yake akamwambia kwamba babu alikuwa akifundisha.

Kikohozi hakikwisha siku ile wala wiki ile. Kilipungua. Naqvi naye aliviacha viti vyake vimegeuzwa ukutani.

Jumapili nilipanda treni ya asubuhi kwenda Bareilly. Niliuliza njia mara nne hadi nikaipata nyumba, karibu na kituo, na yule mwanamume wa makamo akanifungulia. Alinikumbuka mara moja. Hakuniambia karibu. Nilimweleza, nikiwa nimesimama pale kizingitini, kwamba kila nililolisema barazani kwa Wakili Naqvi lilikuwa uongo wa shaka yangu mwenyewe, na kwamba binti yake anatoka katika nyumba safi kuliko nyumba yoyote niijuayo.

Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa bado juu ya mlango.

"Siku ile ulisema kwa uhakika kama huu huu," alisema. "Nani amekutuma leo? Yeye?"

"Hapana. Hajui kwamba niko hapa."

"Hivyo ndivyo angekuambia useme."

Nilimtazama machoni, nikaiona shaka, kitu nilichokijua vizuri sana. Sikukasirika. Nikamwomba maji ya kunywa, nikaketi kwenye ngazi yake ya mlango, nikaanza kumweleza upya tangu mwanzo, tangu kwenye rangi ya manjano.